Mgao wa Elimu Maalumu Ufuate Haja ya Mtoto

Mwaka wa 2018 ulipoanza, serikali ilitangaza viwango vipya vya fedha ambazo ingetuma katika shule za upili za umma. Kwa kila mwanafunzi asiye na ulemavu zilitengwa Sh22,244 kwa mwaka. Kwa kila mwanafunzi mwenye ulemavu zilitengwa Sh57,974. Anayezisoma nambari hizi mbili juu juu hana budi kuisifu serikali, kwa kuwa ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara mbili. Nami sioni haya kuisifu. Palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo mtoto asiyeona au asiyesikia hakuwa na nambari yoyote katika vitabu vya Hazina Kuu.

Hata hivyo, namwomba msomaji aitazame tena nambari ile ya pili na ajiulize inamhusu nani hasa. Inamhusu msichana asiyeona ambaye anahitaji vitabu vya nukta nundu na mashine ya kuviandikia. Inamhusu mvulana kiziwi ambaye anahitaji mwalimu anayeimudu Lugha ya Ishara ya Kenya. Inamhusu mwenye ualbino anayehitaji miwani, maandishi makubwa na mafuta ya kuikinga ngozi dhidi ya jua. Inamhusu mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kujilisha, na yule ambaye hasikii wala haoni. Wote hawa wamepimiwa kwa kibaba kimoja, kana kwamba ulemavu ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja na bei moja.

Hoja yangu leo ni kwamba kanuni za kugawa fedha za elimu maalumu zinahitaji kuandikwa upya katika mambo mawili. Kwanza, fedha zifuate haja ya mtoto badala ya kufuata jina la kundi alilowekwa. Pili, kiwango chochote kitakachowekwa kiwe na njia ya kujirekebisha kila mwaka bei zinapopanda, kisingojee huruma ya waziri wala kelele za magazeti.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza. Sh57,974 ukizigawa kwa siku 365 za mwaka, unapata takriban Sh159 kwa siku. Shule zetu nyingi maalumu ni za bweni, kwa sababu ziko chache na mtoto hutoka mbali. Katika hizo Sh159, pamoja na kile ambacho mzazi huombwa kuongeza, mwalimu mkuu anatarajiwa kupata vifaa vya masomo, umeme, maji, ukarabati na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Mishahara ya walimu hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), lakini mama wa bweni anayemvisha na kumwogesha mtoto asiyeweza kutumia mikono yake hulipwa na bodi ya shule. Bodi ikikosa fedha, mama huyo huenda zake. Mtoto hubaki kitandani.

Sasa tuwatazame watoto hao mmoja mmoja. Mtoto asiyeona huhitaji fedha nyingi katika karatasi na mashine. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa cha nukta nundu huzaa majuzuu kadhaa, kwa sababu nukta hizo huchukua nafasi kubwa na huchapishwa kwenye karatasi nzito. Gharama yake ni ya kununua, kutunza na kubadilisha vifaa vinapochakaa. Ukimpa vifaa hivyo kwa wakati na mwalimu aliyefunzwa, anaweza kusoma sambamba na mwenzake anayeona.

Mtoto kiziwi ni habari nyingine. Tangu William Stokoe wa Marekani alipochapisha uchambuzi wake mwaka wa 1960, wanaisimu wameafikiana kwamba lugha za ishara ni lugha kamili, zenye sarufi zake na msamiati wake. Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, wala si Kiingereza cha vidole. Sasa basi, watoto wengi mno walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wazazi ambao hawajui ishara hata moja. Mtoto anayesikia huingia shuleni akiwa tayari na lugha ya mama. Mtoto kiziwi aghalabu huingia shuleni bila lugha yoyote, na umri wa kujifunza lugha ya kwanza kwa wepesi humponyoka kila mwaka unaopita. Gharama ya mtoto huyu imo katika watu: walimu wanaoimudu lugha yake, watu wazima walio viziwi ambao atawaiga, wakalimani, na mafunzo kwa wazazi wake. Tena fedha hizo zina tija kubwa zaidi zikija mapema. Shilingi inayomfikia akiwa na miaka mitatu haiwezi kulinganishwa na shilingi inayomfikia akiwa na miaka 14.

Kisha yupo mtoto ambaye ulemavu wake ni mkubwa au wa namna zaidi ya moja. Huyu anahitaji msaidizi wa karibu siku nzima, darasa la watoto wachache sana, kiti maalumu kinachobadilishwa kadiri anavyokua, na mtaalamu wa kumfundisha viungo vyake kufanya kazi. Idadi ya watoto wa aina hii si kubwa katika shule yoyote. Lakini gharama ya mmoja wao inaweza kumeza mgao wa wenzake kadhaa. Hapa ndipo kanuni yetu ya sasa inapomtia mwalimu mkuu katika mtihani asiostahili kufanya. Akimpokea mtoto huyo na kumhudumia ipasavyo, atawapunja wengine. Akiwagawia wote sawasawa, mtoto huyo atakuwa shuleni kwa jina tu. Akimkataa, hakuna atakayejua, kwa kuwa mzazi atamrudisha nyumbani na kumfungia ndani.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na wasomaji watanivumilia nikisema neno kuhusu majina. Wazee wetu walipowaita watu hawa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, waliyaweka majina yao katika umbo la ki- na vi-, umbo la kiti na viti. Lakini walipotunga sentensi walisema kipofu amefika, hawakusema kimefika. Sarufi ilimtambua mtu hata pale jina lilipomfananisha na kitu. Siku hizi tumepata jina la heshima zaidi, mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu. Jina hilo ni zuri, lakini katika bajeti limekuwa kama blanketi: linawafunika wote na kutuzuia kuona nani yuko chini yake. Tumebadilisha jina ili kumheshimu mtu, kisha tukamhesabu kama kichwa.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Elimu ya watoto wenye ulemavu katika nchi yetu ilianzishwa na makanisa na mashirika ya hisani. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka wa 1946 na Jeshi la Wokovu. Serikali huru ilipounda kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa mwaka wa 1964, suala la malezi na urekebishaji wa walemavu liliingia kwa mara ya kwanza katika meza ya taifa. Vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu, vinavyofahamika kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) ikafuata mwaka wa 1986 ili kutoa walimu. Hii ni historia ya kujivunia. Lakini inaeleza pia kwa nini hadi leo fedha za elimu maalumu hutolewa kwa roho ya sadaka: anayetoa ndiye anayeamua kiasi, na anayepokea hutarajiwa kushukuru asiulize.

Roho hiyo ilidhihirika elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003. Kila mwanafunzi alitengewa Sh1,020 kwa mwaka: Sh650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na Sh370 za shughuli nyingine za shule. Mwanafunzi mwenye ulemavu akaongezewa Sh2,000. Jumla yake Sh3,020, yaani shilingi nane na senti kadhaa kwa siku. Tena nyongeza hiyo ilielekezwa kwa shule maalumu na vitengo maalumu. Aliyesoma katika shule ya kawaida ya kijijini kwao, akiwa amekaa mbele kabisa ili aone ubao kwa jicho moja, hakuwa na nyongeza ya kumfuata. Kanuni ilimwona mtoto pale tu alipoingia katika lango lenye kibao cha shule maalumu.

Tangu wakati huo sheria zimepiga hatua ndefu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka wa 2008. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto, katika Kifungu cha 53, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara na nukta nundu, na kupata vifaa vya kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wao. Sera ya Wanafunzi wenye Ulemavu ya 2018 ikahimiza elimu jumuishi, yaani mtoto asome pamoja na wenzake wa mtaani kila inapowezekana. Mwaka wa 2025 ikapitishwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Maneno tunayo ya kutosha. Wahenga walisema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Na katika serikali kitendo huanzia kwenye kanuni ya fedha.

Sasa tuje kwenye tatizo la pili, la viwango visivyosogea. Sh22,244 na Sh57,974 zilikokotolewa kwa bei za wakati ule. Mwaka wa 2022 paketi ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita Sh200. Nauli, mafuta ya taa, sabuni na karatasi havikubaki nyuma. Hakuna ibara katika kanuni iliyosema kwamba bei zikipanda, mgao nao utakokotolewa upya. Matokeo yake ni kwamba serikali hupunguza mgao kila mwaka bila kupitisha uamuzi wowote wa kuupunguza. Mwezi wa Julai mwaka wa 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kulipa hata zile Sh22,244 kamili kwa kila mwanafunzi wa upili. Taifa zima lilishtuka, na kwa haki. Lakini katika mjadala uliofuata ni wachache waliouliza: ikiwa mgao wa mwanafunzi asiye na ulemavu unakatwa, yule asiyeweza kula bila msaidizi atakatiwa nini?

Suala hili halikuanza kwetu, na nchi zilizotangulia zinaweza kutufunza kwa mema yao na kwa makosa yao. Nitataja mbili.

Katika England, kanuni zilizoanza kutumika mwaka wa 2013 zinasema kwamba shule ya kawaida itabeba gharama za ziada za mtoto mwenye mahitaji maalumu hadi pauni 6,000 kwa mwaka. Zikizidi hapo, mamlaka ya mtaa huongeza. Wazo lenyewe ni zuri, kwa kuwa linatambua kwamba gharama ya baadhi ya watoto haiwezi kubebwa na shule moja. Kasoro ni kwamba zaidi ya miaka kumi baadaye kizingiti kilibaki pauni 6,000 zile zile. Bei zilipopanda, zenyewe zilitosha kuwavusha watoto zaidi. Mamlaka nyingi za mitaa ziliingia katika madeni makubwa, hata serikali ikalazimika mwaka wa 2020 kuweka utaratibu wa pekee wa kuyaweka madeni hayo kando na hesabu nyingine. Sababu za madeni hayo ni nyingi, ikiwemo sheria ya 2014 iliyopanua haki hiyo hadi umri wa miaka 25. Lakini kizingiti kilichogandishwa hakikusaidia.

Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka wa 1975 iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa. Serikali kuu iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa kikamilifu. Majimbo yakalazimika kujitafutia njia. Jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka wa 2000 utaratibu ambao wenyewe wameupa jina la kile kifaa kinachokata umeme nguvu zinapozidi. Gharama ya mtoto mmoja inapozidi mara nne ya wastani uliowekwa na jimbo kwa mwanafunzi, jimbo hulipa hadi asilimia 75 ya ziada hiyo. Wastani huo hukokotolewa upya kila mwaka, kwa hivyo kizingiti husogea pamoja na bei. Mwaka wa 2019 kanuni ikapanuliwa tena ili ichangie gharama za usafiri wa watoto wanaosomeshwa nje ya wilaya zao.

Sisemi tuige kila kitu. Utaratibu wa Massachusetts hutegemea fedha zinazopitishwa katika bajeti, na wakati wa msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka wa 2008 malipo yalishuka chini ya asilimia hizo 75. Zaidi ya hayo, kuna tofauti moja kubwa ambayo hatuwezi kuipuuza. Wilaya ya shule ya Marekani hupata kodi ya nyumba na ardhi. Ikibakiziwa robo ya gharama, ina mahali pa kuitoa, na robo hiyo huizuia isitumie ovyo. Shule yetu haina kodi inayokusanya. Kila shilingi ambayo serikali haitoi ina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni mfuko wa mzazi. Mzazi huyo aghalabu ameacha kazi ili kumlea mtoto, au ameuza ng'ombe ili kulipia matibabu. Kwa hivyo Kenya ikiiga utaratibu huo, haina budi kulipa ziada yote iliyothibitishwa, isiache hata sehemu.

Ningependa basi kupendekeza kanuni yenye sehemu nne.

Ya kwanza: mgao wa elimu maalumu ugawanywe katika ngazi kadhaa za haja badala ya nambari moja. Ngazi hizo zitokane na msaada ambao mtoto anauhitaji ili asome, na jina la ulemavu wake lisiwe ndilo linaloamua. Viziwi wawili wanaweza kuwa na haja tofauti kabisa; mmoja alilelewa na wazazi wanaojua ishara, mwenziwe hakuona ishara hadi alipofika shuleni.

Ya pili: pawe na hazina ya kitaifa ya watoto wenye gharama kubwa. Shule ikithibitisha kwamba mtoto anahitaji zaidi ya ngazi ya juu kabisa ya mgao, hazina hiyo ilipe tofauti. Kwa kuwa watoto hawa ni wachache na wametawanyika, mzigo unaoweza kuivunja shule moja utakuwa mwepesi ukibebwa na nchi nzima. 

Ya tatu: fedha zimfuate mtoto popote anaposoma, iwe shule maalumu, kitengo au shule ya kijijini kwao. Tangazo la Salamanca la mwaka wa 1994 liliihimiza dunia kuelekea elimu jumuishi, na nchi yetu imelikubali wazo hilo. Lakini elimu jumuishi bila fedha ni kumweka mtoto nyuma ya darasa na kumwita mwenzetu. Wakati huo huo tusizifunge shule za viziwi kwa jina la ujumuishaji. Kifungu cha 24 cha mkataba ule wa Umoja wa Mataifa kinataka asiyesikia na asiyeona wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa zaidi. Kwa mtoto kiziwi, mahali ambapo wenzake wote wanazungumza lugha yake ndipo mahali pasipomtenga.

Ya nne: viwango vyote vikokotolewe upya kila mwaka kwa kufuata takwimu za bei zinazotolewa na Shirika la Takwimu la Taifa, na matokeo yachapishwe kabla ya muhula wa kwanza kuanza. Pia shule maalumu ndogo zipewe kiwango cha chini cha kuziendesha kabla ya vichwa kuhesabiwa. Shule ya watoto 60 inahitaji mlinzi, mpishi na umeme kama ile ya watoto 600. Jopo la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kutoa ripoti yake mwaka wa 2023, lilikwisha kupendekeza kifurushi cha msingi cha namna hiyo kwa shule. Shule maalumu ziwe za kwanza kukipata.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wengine watasema kwamba nchi haina fedha. Jibu ninalotoa si langu. Ni la Katiba. Kifungu cha 20 kinasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za kijamii, ni wajibu wake kuthibitisha kwamba haina. Tena kinasema katika kugawa kilichopo, izingatie walio katika hali ya unyonge. Kupanga ni kuchagua, na nchi ambayo haijashindwa kununua magari ya wakubwa haiwezi kuanza kuhesabu senti inapomfikia mtoto asiyeweza kusimama.

Wengine watasema kwamba shule zitadanganya na kuongeza majina hewa ili zivune fedha. Hofu hii ina msingi. Tumeona hayo katika shule za kawaida. Lakini tiba yake ipo na ina umri wa zaidi ya miaka 40. Vituo vya kutathmini viliundwa kwa kazi hii. Viongezewe wataalamu, vifaa na nauli ya kuwafikia watoto vijijini, na kila mtoto anayeombewa fedha za hazina atathminiwe na kituo wala si na shule inayozipokea. Pia atathminiwe tena baada ya muda, kwa sababu haja za mtoto hubadilika. Kuna watoto ambao leo hawapati mgao kamili kwa kukosa cheti cha kuzaliwa au barua ya tathmini. Kituo chenye uwezo kitawafichua wadanganyifu na kuwafichua pia hawa waliosahaulika.

Wapo pia watakaouliza kwa sauti ya chini: mtoto huyu ataisaidiaje nchi hata atumiwe fedha zote hizo? Swali hili husemwa mara nyingi kuliko tunavyokubali. Kwa wengi wa watoto hawa jibu liko wazi, maana tumeona mawakili wasioona, walimu viziwi na wabunge wanaotumia viti vya magurudumu. Kwa wachache ambao ulemavu wao ni mkubwa mno, sitatafuta jibu la kiuchumi. Mtoto anayejifunza kushika kijiko, kusema ndiyo au hapana kwa macho yake, na kwenda msalani bila kubebwa, amepata elimu. Mtaala wetu wa sasa unaomtathmini mwanafunzi kwa umilisi unalikubali jambo hili, kwa kuwa umemwekea njia yake inayofuata hatua badala ya umri. Haitakuwa busara kumwandikia mtaala kisha tukamnyima nauli ya kuufikia. Na mwenye kuuliza swali hilo akumbuke kwamba hujafa hujaumbika. Ajali moja barabarani inatosha kumhamisha mtu kutoka nambari ya kwanza hadi nambari ya pili.

Kwenu walimu wenzangu, nina ombi moja. Mnaofundisha katika shule na vitengo maalumu ndinyi mnaojua gharama halisi, lakini maarifa hayo yamo vichwani mwenu na katika madaftari ya stoo. Yaandikeni. Kila shule iorodheshe mtoto mmoja mmoja, bila kutaja jina lake hadharani, na kuonyesha alihitaji nini mwaka huu, alipata nini, na nani alilipa tofauti. Wizara haiwezi kukataa hesabu iliyoletwa na shule zote za kaunti kwa pamoja kama inavyoweza kukataa malalamiko ya mwalimu mmoja. Nanyi wanafunzi mnaosomea ualimu, msiikimbie elimu maalumu kwa kudhani ni kazi ya watawa. Ni taaluma yenye sayansi yake, na anayejifunza Lugha ya Ishara ya Kenya barabara ana ujuzi ambao nchi hii inauhitaji kila siku.

Bunge hukaa kila mwaka kujadili makadirio ya fedha, na kamati yake ya elimu hupokea maoni ya umma. Kabla ya kikao kijacho, wabunge waulizwe swali moja tu: mtoto mwenye haja kubwa kuliko wote katika eneobunge lako anagharimu kiasi gani kumsomesha, na nani anayelipa? Asiye na jibu hana budi kwenda kulitafuta katika shule maalumu iliyo karibu naye. Atakapolipata, ataelewa kwa nini Sh159 kwa siku haziwezi kuwa jibu la watoto wote.